Madaraja ya Usalama wa Kompyuta: Muhuri Unasema Nini, na Hausemi Nini

Katika miaka ya karibuni sharika nyingi za mjini zimehamisha kumbukumbu zake kutoka kwenye madaftari kwenda kwenye kompyuta. Orodha ya washarika, ahadi na sadaka, michango ya vikundi vya akiba na mikopo, majina ya watoto wanaosomeshwa kwa msaada wa wafadhili: yote hayo sasa yamo ndani ya mashine moja iliyoko ofisini kwa katibu wa usharika. Wakati huo huo vijana wetu wa Buguruni, Ilala na Kariakoo waliosomea kompyuta wanajiandaa kwa mitihani ya kimataifa ya usalama wa kompyuta, hasa ule wa CISSP unaotolewa na shirika la ISC2 la Marekani tangu mwaka 1994. Baadhi yao wanaomba kusaidiwa ada, na ada hiyo ni dola mia kadhaa kwa mtihani mmoja.

Mambo haya mawili yanakutana mahali pamoja. Kijana anafungua kitabu chake cha mtihani na kukuta herufi C2, B1, A1 na EAL4. Kamati ya usharika inaletewa makadirio ya bei ya kifaa cha kulinda mtandao na kukuta herufi zile zile, pamoja na maelezo kwamba kifaa kina cheti na kwa sababu hiyo bei yake ni kubwa. Kijana anatakiwa ajibu swali la mtihani. Kamati inatakiwa iamue kutumia au kutotumia fedha za watu. Wote wawili wanahitaji kuelewa herufi hizo zinasema nini, na zinanyamaza wapi.

Mfano wa mizani

Mtu anayenunua viazi au maharage katika Soko la Buguruni anaijua mizani. Mizani halali hukaguliwa na Wakala wa Vipimo, na ikifaulu huwekewa alama. Alama hiyo inasema jambo moja tu: siku ile mkaguzi alipoipima kwa mawe yake, mizani ilisoma sawasawa. Haisemi kwamba muuzaji ni mwaminifu. Haisemi kwamba mizani haijachezewa tangu siku ile. Wala haisemi lolote juu ya gunia la lumbesa linalouzwa pembeni bila kupandishwa kwenye mizani kabisa.

Madaraja ya usalama wa kompyuta yamejengwa juu ya wazo hilo hilo. Mkaguzi asiye mtengenezaji wala mnunuzi anachukua bidhaa, anaipanga katika hali iliyoelezwa kwenye maandishi, anaipima kwa vigezo vinavyojulikana, kisha anatoa daraja. Daraja hilo ni la bidhaa ile, toleo lile, katika mpangilio ule. Mwenye kulishika hili amekwisha kuvuka sehemu ngumu ya somo.

Kitabu cha rangi ya chungwa

Zamani kompyuta ilikuwa kubwa kama chumba, na watu wengi waliitumia kwa pamoja. Jeshi la Marekani likapata taabu: ofisa mwenye ruhusa ya kusoma siri ndogo alikuwa anatumia mashine ile ile iliyohifadhi siri kubwa. Mwaka 1972 ripoti ya James Anderson, iliyoandikwa kwa ajili ya Jeshi la Anga la nchi hiyo, ilipendekeza awepo mlinzi ndani ya kompyuta. Mlinzi huyo ni sehemu ya programu yenye sifa tatu: kila ombi la kugusa faili lazima lipite kwake, hawezi kuchezewa, na ni mdogo kiasi kwamba anaweza kukaguliwa wote kwa ukamilifu.

Kutokana na mawazo hayo, mwaka 1983 Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilitoa vigezo vya kupimia kompyuta, na mwaka 1985 vikawa kiwango rasmi cha wizara. Kifupi chake ni TCSEC, lakini watu wengi wanakiita Kitabu cha Chungwa kwa sababu ya rangi ya jalada lake. Vitabu vingine vilifuata vyenye majalada ya rangi nyingine. Chekundu, cha mwaka 1987, kilieleza namna ya kuvitumia vigezo hivyo kwenye mitandao.

Kitabu cha Chungwa kina makundi manne, kuanzia D lililo chini hadi A lililo juu. Ndani ya makundi hayo mna madaraja saba. Tuyaangalie kwa mifano ya ofisi zetu.

D: Ulinzi mdogo kabisa. Hapa huwekwa bidhaa iliyopimwa ikashindwa kufikia daraja lolote la juu yake.

C1: Ulinzi wa hiari. Mwenye faili anaamua mwenyewe nani alisome. Watumiaji wanatenganishwa na data zao, lakini si lazima kila mtu ajulikane peke yake. Kundi zima linaweza kutumia utambulisho mmoja. Ofisi ambayo katibu, mhasibu na kijana wa kujitolea wote wanatumia neno moja la siri haijavuka hapa.

C2: Ulinzi wa hiari wenye uwajibikaji. Kila mtu anaingia kwa jina lake. Mashine inaandika nani aliingia, saa ngapi, na aligusa nini. Vilevile nafasi ya kumbukumbu iliyotumiwa na mtu mmoja husafishwa kabla ya kupewa mwingine, asije akasoma mabaki ya mwenzake. Rekodi ya sadaka ikibadilishwa usiku, C2 ndiyo daraja la kwanza linaloweza kutuambia ni nani aliyeibadilisha.

B1: Ulinzi wa lazima wenye lebo. Hapa tunaingia katika dunia nyingine. Aliyewahi kufanya kazi serikalini anajua kwamba kuna masijala ya wazi na masijala ya siri. Jalada lenye mhuri wa SIRI halitolewi kwa mtu asiye na kibali, hata kama aliyeliandika ni rafiki yake na anapenda alisome. Uamuzi si hiari ya mwenye jalada tena. Ni wa kanuni. Katika B1 mafaili yanabeba lebo, watumiaji wana vibali, na mashine yenyewe inalinganisha.

B2: Ulinzi wenye muundo. Kanuni ya usalama lazima iandikwe kwa lugha ya kihisabati, mfumo ujengwe kwa sehemu zinazoeleweka, na mtumiaji awe na njia ya kuhakikisha kwamba anapoandika neno lake la siri anaongea na mfumo wenyewe, si programu ya mwizi. Hapa pia unaanza utafutaji wa njia za kificho. Mlinzi wa ghala aliyekatazwa kuongea na watu wa nje anaweza bado kuwapa habari kwa kuacha taa ikiwaka au kuizima. Kompyuta nayo inaweza kuvujisha siri kwa ishara za namna hiyo.

B3: Maeneo ya usalama. Yule mlinzi wa ndani lazima awe mdogo na atimize sifa zake zote tatu. Njia za kificho zinazotumia muda, yaani kupitisha habari kwa kuharakisha au kuchelewesha jambo, nazo zinatafutwa. Kazi za msimamizi wa usalama zinatengwa, na mashine ikianguka lazima iinuke katika hali salama.

A1: Muundo uliothibitishwa. Kwa kazi inazofanya, A1 haina jipya kuliko B3. Tofauti ni kwamba muundo wake umethibitishwa kwa hesabu, hatua kwa hatua. Ni mifumo michache sana iliyowahi kufika hapa. Mmojawapo ni SCOMP wa kampuni ya Honeywell, katikati ya miaka ya 1980.

Mtahiniwa anayetaka kukumbuka kwa urahisi ashike hivi: C ni hiari, B ni lazima, A ni uthibitisho. Lebo zinaanza B1, kumbukumbu ya matendo ya kila mtu inaanza C2, na njia za kificho zinaanza B2.

Somo la mwaka 1995

Mwaka 1995 Windows NT 3.5 ilipewa daraja la C2. Habari hiyo ilitumika sana katika biashara, na wanunuzi wengi walielewa kwamba kila kompyuta yenye programu hiyo ilikuwa salama kwa kiwango cha C2. Lakini mashine iliyopimwa ilikuwa imesimama peke yake, bila kuunganishwa na mtandao wowote. Ofisi iliyonunua programu ile na siku hiyo hiyo ikachomeka waya wa mtandao ilikuwa imeshatoka nje ya hali iliyopimwa. Toleo la NT 4.0 ndilo lililopata C2 pamoja na mtandao, mwaka 1999.

Hakuna aliyedanganya. Cheti kilieleza wazi kilichopimwa, ila wasomaji wengi waliishia kwenye herufi.

Ulaya watenganisha maswali mawili

Kitabu cha Chungwa kilikuwa na upungufu wa aina mbili. Kwanza, kilijali usiri tu, kwa sababu jeshi lilihofia kuvuja kwa habari. Benki au usharika una hofu nyingine pia: tarakimu zisibadilishwe, na mashine ipatikane siku inapohitajika. Pili, kilifunga pamoja maswali mawili ambayo si lazima yaende pamoja: bidhaa inafanya kazi gani za usalama, na tuna uhakika kiasi gani kwamba inazifanya sawasawa.

Ufaransa, Ujerumani, Uholanzi na Uingereza zikatoa vigezo vyao viitwavyo ITSEC, toleo linalojulikana zaidi likiwa la mwaka 1991. Humo kazi za usalama zilipewa herufi F, na uhakika ukapewa herufi E, kuanzia E0 hadi E6. Kwa hiyo kilichokuwa C2 Marekani kikawa karibu sawa na F-C2 pamoja na E2. Kilichokuwa B3 kikawa F-B3 pamoja na E5, na A1 ikawa F-B3 pamoja na E6. Msomaji ataona mwenyewe jambo tulilolisema juu: kazi za A1 ni zile zile za B3, kilichopanda ni uhakika.

Vigezo vya Pamoja na ngazi saba

Mtengenezaji aliyetaka kuuza pande zote alilazimika kupimwa mara mbili. Nchi za Ulaya na Amerika ya Kaskazini zikakubaliana kuandika Vigezo vya Pamoja. Toleo la kwanza lilitoka mwaka 1996, na mwaka 1999 vikawa kiwango cha kimataifa kiitwacho ISO/IEC 15408, ambacho toleo lake jipya ni la mwaka 2022. Marekani nayo iliacha kukitumia Kitabu cha Chungwa mwaka 2002. Kwa sababu hiyo, madaraja ya D hadi A1 leo husomwa kama historia na msingi wa mawazo, na vyeti vipya vinafuata Vigezo vya Pamoja.

Katika utaratibu huu kuna maneno matatu ya kuyajua. La kwanza ni bidhaa inayopimwa, pamoja na mipaka yake. La pili ni waraka wa mahitaji, ambamo wanunuzi wa aina fulani ya bidhaa wanasema wanataka nini, bila kutaja kampuni yoyote. La tatu ni waraka wa ahadi, ambamo mtengenezaji anasema bidhaa yake inafanya nini na katika mazingira gani. Mkaguzi anapima bidhaa dhidi ya ahadi hiyo. Ahadi ikiwa ndogo, cheti nacho kinathibitisha jambo dogo.

Uhakika unapimwa kwa ngazi saba:

EAL1: kazi za bidhaa zimejaribiwa.
EAL2: imejaribiwa kwa kuangalia pia muundo wake.
EAL3: imejaribiwa na kukaguliwa kwa utaratibu.
EAL4: imesanifiwa, imejaribiwa na kupitiwa upya kwa utaratibu.
EAL5: imesanifiwa na kujaribiwa kwa lugha ya nusu kihisabati.
EAL6: muundo wake umehakikiwa kwa lugha hiyo na kujaribiwa.
EAL7: muundo umehakikiwa kwa hisabati kamili na kujaribiwa.

Programu za kawaida za ofisini, zikipimwa, kwa kawaida haziendi mbali zaidi ya EAL4, kwa sababu kupanda zaidi kunahitaji bidhaa ijengwe hivyo tangu mwanzo. Ngazi za juu huonekana zaidi kwenye vitu vidogo vyenye kazi moja, kama chipu za kadi za benki na za pasi za kusafiria za kielektroniki, aina ambayo Tanzania ilianza kuitoa Januari 2018.

Nchi kadhaa zimekubaliana kutambua vyeti vya wenzao. Nyingine zina mamlaka ya kutoa vyeti, nyingine zinavitambua tu. Katika Afrika Mashariki, Ethiopia imejiunga na kundi hili la pili. Tangu makubaliano mapya ya mwaka 2014, kwa kawaida kutambuana huko kunafika EAL2, na kunaweza kufika EAL4 pale bidhaa ilipopimwa kwa waraka wa mahitaji uliokubaliwa na wote.

Mambo yanayowakwaza watahiniwa

1. Kudhani kwamba EAL kubwa ina maana ya kazi nyingi zaidi za usalama. Sivyo. Ina maana ya ukaguzi wa kina zaidi. Bidhaa ya EAL2 inaweza kuwa na kinga nyingi kuliko ya EAL4.

2. Kudhani kwamba cheti hakifi. Windows 7 ilithibitishwa kwa EAL4 pamoja na nyongeza mwaka 2011. Januari 2020 mtengenezaji aliacha kutoa marekebisho yake ya kawaida. Kompyuta ya mtumba inayouzwa leo Kariakoo ikiwa na programu hiyo ina historia nzuri, lakini matundu yanayogunduliwa sasa hayazibwi.

3. Kuchanganya uthibitishaji na uidhinishaji. Uthibitishaji ni kazi ya fundi: anapima na kuandika alichokiona. Uidhinishaji ni kazi ya kiongozi: anasoma taarifa ya fundi, anaangalia hatari iliyobaki, kisha anasema, "Tumeikubali, tuitumie," au anakataa. Maswali mengi ya mtihani yanazunguka hapa.

Kwa wanaowalipia vijana ada, ni vema wajue pia kwamba kufaulu mtihani wa CISSP peke yake hakumpi mtu cheti kamili. Inatakiwa uzoefu wa kazi wa miaka 5 katika angalau maeneo 2 kati ya 8 ya somo. Shahada inayotambuliwa inaweza kupunguza mwaka mmoja. Aliyefaulu bila uzoefu huo anakuwa mwanachama mshirika wa ISC2, na anapewa miaka 6 ya kuukamilisha. Kwa hiyo ada iende sambamba na mpango wa kazi au mafunzo kazini; bila hivyo kijana atabaki njiani.

Kazi ya kamati

Uidhinishaji ndio unaotugusa sisi tusio mafundi. Hakuna maabara ya Ulaya wala Marekani inayoijua ofisi ya usharika iliyoko jirani na Buguruni Sheli, nani ana funguo zake, na nani anaazima kompyuta yake Jumamosi. Uamuzi wa kuikubali hatari iliyobaki ni wa Baraza la Wazee na kamati zake, na hauwezi kukabidhiwa kwa muuzaji.

Uamuzi huo una uzito wa kisheria pia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Na. 11 ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Inamtaka anayekusanya taarifa za watu kuzilinda, na taarifa za watoto, za afya na za imani ya dini zinahesabiwa kuwa nyeti. Daftari la watoto wanaosaidiwa lina hayo yote matatu.

Kamati ikiletewa bidhaa yenye cheti, tunashauri iulize maswali manne na majibu yaandikwe kwenye kumbukumbu za kikao:

1. Kilichopimwa ni toleo gani, na je, ndilo tunalouziwa?
2. Kilipimwa katika mpangilio gani, na je, sisi tutakitumia hivyo?
3. Ahadi ya mtengenezaji inahusu hatari tunayoiogopa sisi, au hatari nyingine?
4. Cheti kina umri gani, na marekebisho bado yanatolewa?

Muuzaji akishindwa kujibu hata la kwanza, herufi kwenye makadirio yake zisiongeze bei.

Kabla ya hapo, ziko hatua zisizohitaji cheti wala fedha nyingi. Kila anayetumia kompyuta ya ofisi apewe jina lake na neno lake la siri. Kumbukumbu ya nani aliingia iwashwe, na mtu asiye mhasibu aipitie kila mwezi. Anayeondoka katika utumishi afutiwe nafasi yake siku hiyo hiyo. Nakala ya data ihifadhiwe mahali pengine, nje ya jengo. Hatua mbili za kwanza ni mawazo ya C2, ambayo yalikuwa yameandikwa tangu mwaka 1983, na bado zipo ofisi nyingi ambazo hazijayafikia.

Vijana wanaojiandaa na mtihani ndio watu wa kutusaidia katika hili. Kijana aliyeombewa ada anaweza kuombwa apitie ofisi ya usharika wake na kuandika ukurasa mmoja: kompyuta ziko ngapi, nani anaingia, kwa neno la siri la nani, na nakala ziko wapi. Yeye atakuwa amefanya zoezi la uthibitishaji kwa mikono yake, na wazee watakuwa na maandishi ya kuwawezesha kuidhinisha au kukataa kwa kujua wanachokifanya.